Ugonjwa wa kiwele usioonekana, na unavyopita mikononi mwa mkamuaji

Mwulize mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu kama ana ugonjwa wa kiwele bandani. Atakwambia hana: viwele havijavimba, havina joto, maziwa hayana mabonge, ng'ombe wanakula na kucheua kama kawaida. Yote hayo ni kweli, na bado anaweza kuwa nao. Kiwele kilichovimba ni sehemu ndogo tu ya ugonjwa huu. Sehemu kubwa imejificha: maziwa ni meupe, ng'ombe ni mchangamfu, ila robo moja au mbili za kiwele (kila chuchu na sehemu yake ni robo) zina bakteria na zinatoa maziwa pungufu, miezi na miezi.

Utafiti uliofanywa kwa wafugaji wadogo wa Tanga na Iringa, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta dalili za maambukizi yaliyojificha kwa karibu robo tatu ya ng'ombe waliopimwa kwa dawa ya kuchanganya na maziwa. Maziwa yalipooteshwa maabara, waliokutwa na bakteria walikuwa chini kidogo ya nusu. Tofauti hiyo isikuchanganye. Dawa ya bandani inapima seli za kinga ambazo mwili umezimwaga kwenye kiwele, na seli hubaki hata bakteria wakiwa wachache. Maabara inatafuta bakteria wenyewe, na wapo, hasa *Staphylococcus aureus*, wanaotoka kwenye maziwa leo na kesho wasitoke. Hata ukichukua kipimo chenye idadi ndogo, bado ni ng'ombe wengi mno kwa ugonjwa ambao wafugaji wengi wanasema hawana.

Kwa hiyo kupima ndiyo kazi ya kwanza. Kipimo kinachotumika zaidi kilibuniwa California miaka ya 1950, na mpaka leo hakijapata mpinzani kwa urahisi: kibao cha plastiki chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila robo, na chupa ya dawa. Tupa mikamuo ya mwanzo, kisha kamua mililita 2 hadi 3 za kila chuchu kwenye kikombe chake. Inamisha kibao ili ziada imwagike na vikombe vyote vibaki sawa, ongeza dawa kiasi kile kile cha maziwa, halafu zungusha kibao taratibu kikiwa kimelala. Soma ndani ya sekunde 20, kwani ukichelewa ute mwembamba unapotea. Maziwa yakibaki maji maji, robo ni nzima. Yakiwa mazito kidogo bila kushikana, kuna jambo. Yakianza kuvutana kama ute wa yai, maambukizi ni ya kweli. Yakishikana kuwa donge linalong'ang'ania chini ya kikombe na kuinuka katikati, hapo seli zinahesabiwa kwa mamilioni katika kila mililita, wakati robo yenye afya huwa chini ya seli 200,000.

Kinachotokea kikombeni ni rahisi: dawa hiyo ni aina ya sabuni, inapasua seli na kuachia vinasaba vilivyomo ndani, na hivyo ndivyo vinavyovutana. Ndiyo maana asiye na dawa ya dukani anaweza kutumia sabuni ya unga ya kufulia, gramu 15 kwa nusu lita ya maji, akachanganya nusu kwa nusu na maziwa. Haisomeki vizuri kama dawa yenyewe, lakini robo mbaya haikosi kuonekana. Maziwa ya kipimo mwaga mbali na banda, usimpe paka wala mbwa.

Usipime siku chache za mwanzo baada ya kuzaa, maana maziwa ya dang'a yana seli nyingi hata kwa ng'ombe mzima, na mwishoni mwa kipindi cha kukamuliwa, maziwa yanapobaki kidogo, seli hupanda pia. Kwa ng'ombe wa katikati ya kipindi, pima mara moja kwa mwezi na uandike kila robo peke yake: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Daftari la miezi mitatu litakuonyesha kama ni robo ile ile inayosumbua au ugonjwa unahama, na majibu hayo mawili yana tiba tofauti.

Ukishajua nani ana ugonjwa, swali linakuwa umefikaje. Kuna bakteria wanaoishi ndani ya kiwele chenyewe na kwenye ngozi ya chuchu, kama *Staphylococcus aureus* na *Streptococcus agalactiae*. Hawa husafiri wakati wa kukamua: mkono wa mkamuaji, kitambaa, kopo la mafuta. Wengine, kama *E. coli*, *Klebsiella* na *Streptococcus uberis*, wanaishi kwenye samadi, tope na matandiko, na huingia kati ya ukamuaji mmoja na mwingine, ng'ombe anapolala. Banda linaweza kung'aa na bado kundi la kwanza likatawala, kwa sababu ya kitambaa kimoja.

Kitambaa hicho ndicho ningekitazama kwanza katika banda lolote. Ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, kitambaa kimoja, ng'ombe watatu. Ng'ombe wa kwanza anaoshwa na maji safi, wa tatu anaoshwa na mchanganyiko wa wenzake wawili, kisha kiwele kinaachwa kikichuruzika, na tone lililobeba uchafu wote linatua kwenye ncha ya chuchu na kuingia mikononi mwa mkamuaji. Utafiti ule wa Tanga na Iringa nao uliitaja tabia ya kutumia kitambaa kimoja kwa zaidi ya ng'ombe mmoja miongoni mwa mambo yanayoongeza maambukizi. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, kichemshwe na kuanikwa juani kila baada ya kutumika. Fulana ya pamba iliyochakaa ukiikata vipande inatosha kabisa. Na kama maji safi ni ya shida, chuchu ambazo hazina tope zifute tu kwa kitambaa kikavu: chuchu kavu isiyooshwa ni salama kuliko chuchu iliyolowanishwa ikaachwa.

Kopo la mafuta ya kukamulia ni ndugu wa kitambaa. Vidole vinachovya, vinashika chuchu mbovu, vinarudi koponi. Kama lazima upake, chota kiasi cha kila ng'ombe kwa kijiko kabla ya kuanza. Mkamuaji anayekamua kwa kiganja kizima, akibana juu kwa kidole gumba na cha shahada kisha akishuka kidole kwa kidole, hahitaji mafuta mengi. Anayevuta chuchu kwa vidole viwili ndiye anayeteleza, na ndiye anayeumiza ngozi na tundu la chuchu mpaka mlango ukabaki wazi kwa bakteria.

Jambo lililowashangaza wengi katika tafiti za huku kwetu ni ndama. Mfugaji anayemwachia ndama amalizie maziwa yaliyobaki baada ya kukamua mara nyingi huwa na kiwele kizima kuliko anayemtenga moja kwa moja. Ndama anatoa kilichobaki, na kiwele kilichokauka vizuri hakiwapi bakteria chakula. Ila asimnyonye ng'ombe mgonjwa kisha akahamia kwa mzima, na ndama wakubwa wasiachwe kunyonyana wenyewe kwa wenyewe, kwani mtamba anaweza kupoteza robo kabla hajazaa hata mara moja.

Yapo mambo ambayo ng'ombe huja nayo: umri, idadi ya uzao, kiwele kinachoning'inia mpaka chini ya magoti, utoaji mwingi wa maziwa. Hayo huwezi kuyabadili leo, unaweza tu kuyakumbuka unapochagua dume au unapopanga zamu ya kukamua. Ng'ombe wa kununua ni habari nyingine. Muuzaji anaweza kuacha kukamua tangu jana yake ili kiwele kijae na kipendeze, na kiwele kilichojaa kinaficha kila kitu. Omba akamuliwe mbele yako mpaka mwisho, kisha papasa kila robo ikiwa tupu. Robo yenye uvimbe mgumu ndani, au iliyosinyaa kuliko mwenzake, ina historia. Pima kwa kibao kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kupe nao wasisahaulike. Wale wakubwa wenye madoa ya rangi wana mdomo mrefu, hupenda kiwele na mapajani, na kidonda wanachoacha kwenye chuchu huoza, wakati mwingine chuchu ikazibika moja kwa moja. Unaponyunyizia dawa ya kupe, inama ufikie nyuma ya kiwele na katikati ya mapaja. Vivyo hivyo baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo: malengelenge ya chuchu yanauma, ng'ombe anagoma kukamuliwa, maziwa yanabaki, na wiki chache baadaye ugonjwa wa kiwele unafuata.

Sakafu inataka mteremko mdogo kuelekea kwenye mfereji, na mahali pa kulala pawe pakavu. Maranda ya mbao ni mazuri yakiwa makavu. Yakilowa mkojo yanageuka shamba la *Klebsiella*, kwa hiyo sehemu ya nyuma, kiwele kinapogusa, ibadilishwe kila siku hata kama mbele bado ni safi.

Sasa ukamuaji wenyewe. Panga zamu: mitamba waliozaa mara ya kwanza, kisha wazima, kisha waliopona karibuni, na mgonjwa wa mwisho kabisa. Nawa mikono kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe. Mikamuo mitatu minne ya kwanza ya kila chuchu iende kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi au kitako cheusi, ambapo mabonge, damu au maji maji vinaonekana mara moja. Usikamulie kiganjani, wala sakafuni. Futa na kausha. Tangu kuguswa kiwele mpaka maziwa kushuka ni kama dakika moja hadi moja na nusu, na nguvu ya kushusha hudumu dakika chache tu, kama tano hadi saba, kwa hiyo simu na mazungumzo yasubiri. Mbwa akibweka au ng'ombe akipigwa, maziwa yanazuiwa na yanabaki ndani.

Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa ya aidini ya asilimia 0.5 hadi 1 iliyotengenezwa kwa ajili ya chuchu, yenye kilainishi cha ngozi. Tumia kikombe kidogo, na dawa iliyobaki ikichafuka mwaga, usiirudishe kwenye chupa. Dawa ya kusafishia sakafu si mbadala, inachubua ngozi. Kisha weka majani mabichi kwenye kihondi. Tundu la chuchu huchukua muda kufunga baada ya kukamua, nusu saa na wakati mwingine hadi saa mbili, na ng'ombe anayekula amesimama halali kwenye samadi likiwa wazi.

Ugonjwa ukijitokeza wazi, tenganisha aina mbili. Mabonge machache na robo yenye joto, ng'ombe anakula: huyo mkamue mara nyingi zaidi na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo. Maziwa kama maji ya njano, masikio ya baridi, macho yamezama, joto la mwili limepita nyuzi 39.5 au limeshuka chini ya kawaida, ng'ombe hasimami: hiyo ni dharura ya saa chache, na bomba la dawa ya kiwele peke yake halitamwokoa. Anahitaji maji mengi na dawa ya mwili mzima. Robo ikiwa baridi na rangi ya bluu, inakufa.

Dawa za kuingiza kwenye chuchu hushindwa mara nyingi kwa sababu mfugaji anaacha maziwa yanapokuwa meupe, kwenye bomba la kwanza au la pili. Maliza idadi iliyoandikwa. Sababu ya pili ni usafi: ncha ya chuchu isiposuguliwa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, bomba linasukuma uchafu ndani pamoja na dawa. Ingiza ncha milimita chache tu, si mpaka mwisho. Maziwa ya robo zote nne, si ya iliyotibiwa tu, yasiuzwe wala kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye kifungashio zipite baada ya dozi ya mwisho. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa, na mtindi unaokataa kuganda mara nyingi umepata maziwa ya namna hiyo.

Maambukizi ya zamani ya *Staphylococcus aureus* hupona kwa shida wakati ng'ombe anakamuliwa, kwa sababu bakteria wamejijengea makovu ambayo dawa haifiki. Nafasi bora ni kipindi cha kukausha, yaani anapopumzishwa kukamuliwa. Mpe siku 60 kabla ya kuzaa. Wiki ya mwisho ya kukamua punguza pumba na mashudu ili maziwa yashuke, kisha acha kukamua kwa mkupuo badala ya kuruka siku. Baada ya ukamuaji wa mwisho, safisha chuchu za upande wa mbali kwanza na za karibu mwisho, halafu ingiza dawa ya kukaushia kwa kuanzia za karibu, ili mkono wako usiguse chuchu uliyokwisha kuisafisha. Chovya, andika tarehe. Siku chache kiwele kitajaa na kukaza, usikikamue kwa huruma, kitanywea chenyewe. Robo moja pekee ikivimba na kuwa na joto ndiyo ya kufungua. Na akizaa mapema kuliko siku zilizoandikwa kwenye dawa, muulize daktari wa mifugo ni lini maziwa yaanze kuuzwa. Asiyepona hata baada ya kukaushwa kwa dawa, na kipimo kikaendelea kutoa donge robo ile ile, muuze kwa nyama.