Lenta Imemwagwa

Leo Jumamosi tumemwaga lenta. Tangu tununue kiwanja hiki pembezoni mwa mji wa Kibaha, nyumba yetu ilikuwa kuta zenye matundu ambayo wageni waliyatazama na kuuliza lipi ni dirisha na lipi ni mlango. Sasa mkanda wa zege umezunguka kuta zote kwa juu, na hata jirani ambaye hajawahi kuisifu nyumba hii amesimama njiani akasema kwamba boma limekaa vizuri.

Kazi ilianza asubuhi na mapema. Fundi aliagiza zege la uwiano wa 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, naye alisimama kando ya mashine akihesabu ndoo kwa sauti, kwa kuwa saidia fundi wakichoka huanza kuongeza mchanga na maji ili koleo liwe jepesi. Chakula cha mchana kililiwa kwa zamu, wengine wakiwa wamesimama, kwa maana zege halilali. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikitazama nondo. Zilikuwa nne za milimita 12, zimefungwa kwa ringi, na chini yake kulikuwa na vipande vidogo vya zege vilivyoziinua zisigusane na ubao unaolishikilia zege mpaka ligande. Vipande hivyo ni vya thamani ndogo, lakini nondo ikilala juu ya ubao, ubao ukishabanduliwa chuma kitabaki wazi, kitapata unyevu, kitashika kutu, na kutu ikivimba itaipasua lenta kutoka ndani. Watu wanaotutembelea huuliza rangi ya bati na aina ya vigae. Mimi nimejikuta nikipenda zaidi mambo ambayo baada ya plasta hakuna atakayeyaona tena.

Kumwagilia maji ni mojawapo ya mambo hayo, na mama ndiye aliyejitwalia kazi hiyo. Saruji haigandi kwa kukauka. Hushikana kwa kuchanganyika na maji, kwa hiyo zege likiachwa juani likanyang'anywa maji yake mapema hubaki dhaifu hata kama mifuko ilitosha. Kwa kawaida nguvu ya zege hupimwa likiwa na umri wa siku 28, ingawa juma la kwanza ndilo la kuangaliwa zaidi. Fundi alipoanza kumweleza hayo, mama alimjibu, "Mwanangu, mimi nimemwagilia msingi huu kabla hujazoea njia ya kuja hapa," naye fundi akacheka na kusema, "Ni kweli, mama." Magunia yaliyolowekwa tayari yamekunjwa kando ya pipa.

Ramani nayo imepita mikononi mwa mama, na sidhani kama mchoraji angeitambua. Alituchorea jiko lililo wazi kwa sebule, kama yale ya kwenye picha za mtandaoni, jambo ambalo mama alilikataa katakata: dagaa wakikaangwa, alisema, mgeni aliyekaa kwenye kochi ataondoka na harufu yake. Kaka yangu, anayefuatilia ujenzi kutoka Mwanza kwa picha tu, alitetea jiko la kisasa kwa siku kadhaa, kisha akanyamaza. Ukuta ukajengwa, ukawekwa mlango wa kutokea nyuma, na chumba kilichokuwa cha wageni kikawa cha mama, karibu na choo, chenye mlango mpana kuliko mingine. Naona nyumba imepata nafuu kwa mabadiliko hayo, hasa hilo la mlango, kwa kuwa miguu ya mama haitakuwa hivi siku zote.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Tunajenga kwa mshahara, kwa kikoba na kwa kile ambacho kaka hutuma, kwa hiyo ujenzi huenda na kusimama. Upande wa pili wa barabara kuna boma ambalo mpapai umeota sebuleni na sasa unazaa. Wapo wanaolicheka; mimi siwezi, kwa sababu najua jinsi ada za shule zinavyoweza kuisimamisha nyumba.

Kinachofuata ni kupaua, na tungependa paa liwe juu kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Kaka anataka bati la geji 30 kwa kuwa bei yake ni nafuu, nami nashikilia geji 28, ambalo licha ya namba kuwa ndogo ndilo nene zaidi. Fundi ataleta hesabu ya mbao za kenchi, yaani fremu ya kubeba bati, na dawa ya mchwa, kwani mchwa wa Kibaha hawana mzaha na mbao zisizopakwa dawa. Mama, kwa upande wake, amekwisha kumwagiza fundi arefushe paa la nyuma ili apate kivuli cha kupikia kwa kuni, jambo ambalo halimo kwenye ramani wala kwenye bajeti, na ambalo kaka bado hajaambiwa.