Kabla ya Kutundika Dripu ya Pili

Katika vyumba vya dharura hapa Moshi, mgonjwa anayehema huku presha yake ikiwa chini huwekewa dripu haraka, na mara nyingi hilo ndilo linalomwokoa. Yupo hata hivyo mgonjwa ambaye maji hayo humzidishia hatari, naye ni yule mwenye shinikizo kubwa katika mishipa ya damu ya mapafu, ugonjwa ambao kipimo cha presha cha mkononi hakiwezi kuuonyesha.

Upande wa kulia wa moyo una ukuta mwembamba uliozoea kusukuma damu kwa nguvu ndogo, na wastani wa shinikizo katika ateri ya mapafu ukizidi milimita 20 za zebaki, tayari huo ni ugonjwa. Upande huo ukielemewa hutanuka, huubana upande wa kushoto, na damu inayofika mwilini hupungua. Kuongeza maji hapo ni kumtwisha punda aliyekwisha kupiga magoti.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu watazame shingo kwanza. Mama aliyeletwa kutoka vijiji vya mlimani, ambaye ametibiwa pumu kwa muda mrefu bila nafuu, ukimketisha nusu wima utaona mshipa wa shingo umejaa hadi karibu na taya, na mguu wake ukiubonyeza kwa kidole hubaki na shimo. Muulize, "Mama, umewahi kuzimia ukipanda kilima?" Akiitikia, usimrudishe nyumbani. Ulizia pia kifua kikuu cha zamani, ugonjwa wa vali za moyo tangu utotoni, VVU, selimundu na damu kuganda. Ultrasaundi ikionyesha chumba cha moyo cha upande wa kulia kimekuwa kikubwa kuliko cha upande wa kushoto, shaka hupungua sana.

Mpe oksijeni hadi kiwango chake katika damu kifike angalau asilimia 90, mpe furosemidi, dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, ikiwa amejaa maji, na presha ikishuka saidia mapema kwa noradrenalini, dawa ya kupandisha presha. Mashine ya kupumulia iwe njia ya mwisho kabisa, kwa sababu dawa za kumlaza hushusha presha na hewa inayosukumwa kifuani huuongezea moyo wa kulia kazi. Tafuta kilichomzidishia hali, iwe maambukizi, bonge la damu, mapigo yaliyovurugika au dawa zilizokatizwa. Anayetumia sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu, asipewe kamwe dawa za naitreti, zinazotanua mishipa ya damu, hata akilalamika kubanwa kifua, na wataalamu wa moyo wapigiwe simu angali anaongea.