Kufuata Namba Hadi Bagamoyo

Shoga yangu ndiye aliyenitia kwenye mchezo wa jiokashi, na ndiye aliyeamua kwamba Jumamosi ile twende Bagamoyo. Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshakaa kwenye Kosta pale Makumbusho, Dar es Salaam, mkobani tuna maji, penseli, mfuko mdogo wa plastiki na kibano cha nyusi. Kibano hicho hatukubeba kwa urembo, nitaeleza.

Kwa asiyeujua, mchezo uko hivi: mtu anaficha kikasha mahali, ndani anaweka karatasi ya kusaini, kisha anatangaza latitudo na longitudo zake mtandaoni. Wewe unazifuata kwa simu mpaka ukipate, unaandika jina na tarehe, unakirudisha palepale ulipokikuta. Ulianzia Marekani, katika jimbo la Oregon. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya nchi hiyo iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, ambayo kabla ya hapo yaliweza kukupoteza kwa mita 100 hivi. Kesho yake Dave Ulmer akaacha ndoo nyeusi msituni, ndani ina daftari, vitabu, manati na kopo la maharage, akatangaza namba za mahali alipoiweka. Siku hizi vikasha vinahesabiwa kwa mamilioni duniani. Huku kwetu ni vya kutafuta kwa tochi, na wanaovitafuta kwa kiasi kikubwa ni wageni. Hilo linaniuma, na siku ile liliniuma zaidi.

Kikasha tulichokifuata kilikuwa cha hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale wa bandari, kilomita chache kutoka mjini. Tulipanda bajaji, tukalipa kiingilio, tukaingia na mwongozaji, kijana mpole anayejua kazi yake. Nilishawahi kufika pale na wenzangu wa shule, tukapitishwa mbiombio, jua kali, mwalimu anahesabu vichwa. Safari hii tulikuwa na swali mkononi: tafuteni kaburi fulani la nguzo, hesabuni mashimo ya duara yaliyo kwenye nguzo hiyo.

Swali dogo hilo lilitusimamisha mahali pamoja kwa muda mrefu. Mashimo yale ndimo zilimokuwa zimepachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina, pambo la kaburi la mtu mwenye jina lake. Bakuli zenyewe hazipo. Chokaa lakini imebaki na umbo lake: ukisogeza uso karibu unaona ndani ya shimo pamelala laini, kisha ukingoni mawe ya matumbawe yanajitokeza, yenye vitundu na alama za viumbe wa baharini waliokuwa hai kabla jiwe halijakatwa. Shoga yangu alipitisha kidole hewani bila kugusa, akasema, "Mtu alisimama hapa hapa, ana chokaa mbichi mkononi." Msikiti wa zamani zaidi pale unatajwa kuwa wa karne ya 13. Mwongozaji akatuonyesha upande wa bahari, ambako sasa ni mikoko mitupu, akatueleza jinsi tope na mikoko vilivyoiziba bandari, biashara ikasogea Bagamoyo.

Tukahesabu. Tukahesabu tena kwa kuzunguka upande wa pili, maana namba hiyo ndiyo iliyotakiwa kukaa mara tu baada ya nukta kwenye dakika za latitudo. Dakika moja ya latitudo ni kama kilomita 1.85, kwa hiyo tarakimu ya kwanza baada ya nukta ina uzito wa mita 185. Ukizidisha shimo moja, umeshahama mtaa. Tarakimu ya tatu nayo haifiki hata mita mbili. Idadi siitaji, wanaocheza wataelewa kwa nini.

Namba zilitupeleka Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Tulikula samaki na wali njiani, hapo sina la kusimulia.

Kwenye vichochoro vya nyumba za mawe simu huanza kuyumba. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, basi mshale mara unasema mita nne, mara kumi na moja, mara geuka nyuma. Tukawa tunakwenda na kurudi mbele ya ukuta mmoja, tunachungulia. Ng'ambo, kwenye baraza la nyumba yenye mlango wa nakshi, mzee mmoja alikuwa anashona nyavu. Tulikwisha mwamkia tulipopita mara ya kwanza. Tulipopita mara ya tatu akauliza, bila kuinua macho:

"Wanangu, mnatafuta rupia?"

Aliyekulia Tanzania anajua uzito wa swali hilo. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891, na mpaka leo wako wanaoamini kwamba chini ya kila jengo la Mjerumani kuna hazina ya rupia, sarafu za enzi hizo. Mzee alisema nyumba ya jirani yake imeshachimbwa msingi usiku, ukuta ukapata ufa. Alikuwa na haki ya kutushuku.

Tukaenda tukakaa naye, tukamwonyesha simu, tukamweleza kila kitu tangu mashimo ya Kaole. Nikamwambia mchezo huu hauruhusu kuchimba bila idhini ya mwenye mahali, wala kubomoa chochote. Akatusikiliza, akaweka nyavu chini.

"Kumbe ndicho wanachofuata wale Wazungu. Wanakuja, wanainama, wanafurahi, wanaondoka. Hawaulizi nyumba ya nani."

Alitaka kutuonyesha, shoga yangu akamwomba, "Babu, tuachie kidogo." Akakipata yeye, dakika chache baadaye, kwa vidole: kichupa cha chuma kisichozidi kidole gumba, kimenata kwa sumaku mahali ambapo jicho halifiki. Karatasi ilikuwa imeviringishwa na kuvimba kwa hewa ya chumvi. Hapo ndipo kibano kilipofanya kazi, taratibu, isichanike. Tulisoma majina yote: Ujerumani, Uholanzi, Jamhuri ya Czech. Hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili, umbali wa hatua chache kutoka baraza la mtu aliyezaliwa pale. Tukaandika majina yetu, na chini yake: "Tumetoka Kaole, tumemkuta mzee barazani, ametupokea."

Nilipomsomea, mzee alinyamaza, kisha akasema nyumba ile babu yake aliwahi kulaza wapagazi waliofika na misafara kutoka Tabora. Akatuhadithia mpaka alasiri ikaisha: mizigo iliwekwa chumba gani, maji yalitoka kisima gani, nani aliugua akabaki akaoa. Shoga yangu alirekodi sauti yote kwa idhini yake. Mwisho nikamuuliza kama angekubali tuweke kikasha kwake. Sheria ya mchezo inataka ruhusa ya mwenye mahali, na umbali wa mita 161 kutoka kikasha kingine, nao tungeupata uani kwake kwa nyuma, kule kiwanja kinakoishia.

Akauliza mara mbili kuhusu kuchimba. Kisha akatoa masharti: maelezo yaanze kwa Kiswahili, na swali la kufungua namba liwe la kuulizwa mtu, lisiwe la kuhesabiwa ukutani. Shoga yangu akapendekeza waulizwe jina la kisima. Mzee akakataa, jina la kisima kila mtoto wa mtaa analijua. Walikuwa bado wanabishana nilipowakumbusha kwamba Kosta ya mwisho haimngoji mtu.