Kahawa ya kwetu, mkate wa Moshi

Nimezaliwa kwenye kihamba cha kahawa Marangu, lakini kuinywa nilijifunzia Hamburg. Utotoni tulichuma buni, tukazimenya kwa mashine ya mkono, tukaziloweka, tukaziosha, tukazianika. Magunia yakaenda chama cha msingi, sisi tukabaki na chai. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, na kabla yake wakulima walikuwa na chama chao cha KNPA cha 1925. Miaka yote hiyo, nyumbani kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Hakuna aliyeifikiria kama kinywaji. Ilikobolewa Moshi, ikauzwa mnadani, ikapanda meli. Bandari ya Hamburg hupokea kahawa ya dunia nzima, na huko ndiko nilikowaona watu wa kawaida wakiinywa kila asubuhi na mkate wenye ganda gumu.

Sasa nimerudi. Kabla ya kutafuta gari la Marangu nikaingia kwenye duka dogo la mikate mjini Moshi, si mbali na mnara wa saa. Mikate ilikuwa inatolewa tanurini. Nikaagiza vipande viwili vya mkate wa ngano uliochanganywa na ulezi, siagi, parachichi na kahawa ya arabika iliyokaangwa humo humo dukani.

Ganda lilikuwa la kahawia iliyokolea, linavunjika kwa sauti. Ndani mkate laini, wenye unyevu na uchachu kidogo. Nikamuuliza mwokaji anatumia hamira gani.

"Hamira ya dukani situmii, kaka," akaniambia. "Hii ni chachu ya unga na maji tu, nailisha unga kila siku. Nakanda jioni, donge linalala mpaka alfajiri."

Nikafurahi sana, maana kazi hiyo naijua. Bibi yangu aliotesha ulezi, akaukausha na kuusaga kuwa kimea, akauchanganya na maji ya ndizi zilizopikwa, kisha akasubiri mbege, pombe yetu ya ndizi, ichachuke. Vijidudu vya kwenye nafaka ndivyo vinavyofanya kazi mtungini, na ndivyo vinavyoumua donge la yule dada mwokaji. Kwa hiyo mtu asiniambie mkate huu ni wa wageni. Hata ngano inalimwa Siha, upande wa magharibi wa mlima.

Kinachonisumbua ni bei. Wengi waliokaa pale walikuwa watalii wanaojiandaa kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na vijana wa bodaboda nje walikuwa wanakula maandazi. Maandazi nayapenda, na mtori ndio usiseme. Lakini natamani duka lile liuze kipande kimoja na kikombe kidogo cha kahawa kwa bei ya mtu wa kijiweni. Nilimwambia mwokaji hivyo, akasema atajaribu siku za soko.

Ndugu zangu mnaopanda nyumbani Desemba, piteni Moshi mapema, mikate ya ulezi huisha kabla ya saa nne. Na mkinunua kahawa, chukueni pakiti ya wazee pia. Mama yangu ameichuma maisha yake yote, na kikombe chake cha kwanza amekinywa jana.