Birika limekubali kung'aa

Jamani, bega la birika la stili ninalolichora kutoka kwenye picha ya simu limetoka! Hilohilo lililonitesa tangu kabla ya likizo, hadi wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakawa wanapita nyuma yangu wakiuliza, "Ticha, hili ni la saruji?"

Mpini na mdomo havikunisumbua. Shida ilikuwa kijivu. Kikiwa kibichi kinalingana kabisa na picha; nikitoka kunywa chai na kurudi, kimeingia giza. Rangi ya akriliki ndivyo ilivyo: gundi yake ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa, ikikauka weupe unaondoka na rangi inazama. Ukiwa unapaka ukuta, nani anajali? Kwenye stili, kijivu kikizidi kidogo tu mng'ao umekufa. Na jua la mchana hapa Moshi linakausha rangi kwenye sahani hujamaliza hata kuchovya.

Dawa imekuwa vipande vya manila. Kila mchanganyiko naupaka kwenye kipande, nauacha ukauke, ndipo naulinganisha na picha kupitia kadi nyeusi yenye tundu dogo. Ukichungulia hapo hakuna stili tena: kuna kahawia ya meza, bluu chafu ya dirisha la mgahawa, wekundu wa chupa ya tomato, na doa jeusi ambalo ni mimi na simu yangu. Nyeupe tupu imekaa sehemu moja tu, haizidi punje ya mchele, na nyeusi imeigusa moja kwa moja bila kulainishwa mpaka. Nikarudi nyuma hatua chache: chuma!

Wazo la chupa nimemwibia Ralph Goings (1928–2016), Mmarekani mchoraji wa pikapu na meza za migahawa, aliyewahi kufundisha sanaa sekondari. Huyo ndiye ninayemtaja kila ninapoambiwa ualimu unaua uchoraji. Ila yeye alitumia rangi ya mafuta, ambayo haikauki haraka, inakusubiri.

Kuhusu projekta ya kumulika picha kwenye turubai ili uifuatishe, wenzangu mnaoisifia endeleeni; mimi nanakili mraba kwa mraba. Mchoraji Mmarekani Chuck Close alijichora kwa miraba mwaka 1967–68, turubai la karibu mita 2.7 kwenda juu, tena kwa nyeusi na nyeupe. Miraba haikatiki umeme.

Ratiba inasema sasa ni zamu ya kuchora vitumbua. Vitasubiri. Jana stendi nimeuona mlima mzima, Kibo na theluji yake, ndani ya kioo cha pembeni chenye ufa cha Noah, na turubai jipya nimeshalipiga miraba.