Bahasha ya Wiki ya Tano

Mshahara wa Desemba 2019 uliingia Ijumaa, tarehe 20. Uliofuata uliingia Ijumaa, tarehe 31 Januari. Hapo katikati kuna siku 42. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza, ila mimi, mtu mzima mwenye kazi na familia, nilikuwa sijawahi kuifanya. Kila mwaka nilipanga bajeti ya sikukuu, na nilijisifu kwamba napanga. Lakini sikukuu zenyewe ni siku chache. Zile nyingine zilizobaki nilikuwa namwachia Mungu.

Sikukuu za 2018 ndizo zilizotuumbua. Januari haijafika hata katikati, nikakopa kwa simu, riba asilimia 10 kwa siku 30. Nikaona si kitu. Asilimia 10 haitishi mpaka uizidishe kwa miezi 12 uone imekuwa 120, na hapo hujagusa riba juu ya riba. Siku ya kulipa ilipofika nikakopa kwingine ili nifute ule wa kwanza, kisha kwingine tena. Deni la sherehe ya siku mbili nilikuja kulimaliza Mei, wakati hata nguo nilizonunulia sherehe hiyo zimeshawabana watoto.

Basi Jumapili moja ya Oktoba mke wangu akaniwekea daftari mezani.

"Baba, andika ulichotumia sikukuu iliyopita. Simu iache huko huko."

Nikaandika mistari tisa. Nilijiona mkweli kabisa. Akazisoma, hakusema neno, akaenda kuleta simu yangu na yake. Tukaanza kupitia ujumbe wa malipo mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo ilituchukua jioni nzima, na siwezi kusema ilikuwa jioni ya mapenzi. Mistari tisa ikawa thelathini na nne. Vikubwa nilivikumbuka vyote. Nilichosahau ni vile vya pembeni: nauli ya kurudi (ya kwenda nilikuwa nimeiandika!), zawadi ya mtu aliyekuja na zawadi ambaye hatukumtarajia, makato ya kutuma pesa, vocha, karatasi za kufungia zawadi, na safari za "ngoja nikachukue kitu kimoja tu" ambazo kwa siku tatu zilikuwa saba. Tulipojumlisha, sikukuu ilikuwa imekula karibu asilimia 60 ya mshahara wangu. Mimi kichwani nilikuwa na 30.

Alichopendekeza mke wangu kilikuwa rahisi hadi nikaona aibu kukipinga. Kodi ya nyumba na bili zitoke siku ile ile mshahara unapoingia. Kwa sikukuu tuweke asilimia 5 ya mshahara wa Oktoba, 5 ya Novemba na 15 ya Desemba, yaani robo ya mshahara mmoja, basi. Kinachobaki kigawanywe kwa sita, kitolewe taslimu, kitiwe kwenye bahasha sita, bahasha moja kwa kila wiki, kila Ijumaa inafunguliwa moja. Ndani ya ile robo akatenga sehemu ya kumi na kuiita "Tusiyoyajua", na kwa mwandiko wake mzuri akaandika chini: *baba asiguse*.

Kupanga kulikuwa kwepesi. Shughuli ilikuwa kuwaambia watu. Mimi ni mkubwa kwetu, na kwa miaka mingi wadogo zangu walikuja kwangu na kila kitu kikawa juu yangu. Hakuna aliyenilazimisha, nilipenda kuonekana. Katikati ya Novemba mdogo wangu akapiga simu.

"Shikamoo, kaka. Mwaka huu si tunakuja kama kawaida?"

"Marahaba. Karibuni sana. Ila mwaka huu tuchange, kila nyumba ije na fungu lake."

Sentensi hiyo mke wangu alikuwa ameniandikia kwenye kipande cha karatasi, maana alijua nikiachwa peke yangu nitaizungusha hadi igeuke ahadi. Upande wa pili kukawa kimya, kisha akasema, "Sawa, kaka, hamna shida," kwa ile sauti ya mtu anayeona shida. Yeye alikuja, na fungu lake alileta. Dada yetu hakuja. Alimwambia mama kwamba siku hizi kwangu kuna kiingilio. Alinuna hadi Machi, na sikumlaumu sana. Nilikuwa nimemzoesha vibaya mwenyewe.

Siku zenyewe zilipita vizuri. Watoto hawakugundua lolote, jambo lililoniuma kidogo, kwa sababu miaka yote nilidhani nilikuwa natumia kwa ajili yao. Bahasha ya "Tusiyoyajua" ikatumika nusu tu. Mke wangu akaanza kutembea kwa mikogo.

Halafu mimi nikaharibu.

Tarehe 30 Desemba nilipita mahali nikaona spika imeandikwa punguzo la asilimia 40. Kubwa, nyeusi, yenye mpini. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake kuuaga mwaka, na akilini mwangu mkesha bila muziki ulikuwa ni msiba. Nilijiambia kwamba kwa punguzo lile nilikuwa naokoa asilimia 40, na wala sikujiuliza ile 60 iliyobaki inatoka wapi. Nikarudi nyumbani, nikafungua droo, nikachukua bahasha ya wiki ya tano. Ya pili ilikuwa inatumika, ya tatu ilikuwa karibu mno, ya sita ingeonekana kwa kuwa ilikuwa juu. Mtu anayechagua bahasha kwa akili namna hiyo hawezi kusema alighafilika.

Mkesha ulifana. Mke wangu aliicheza miziki yote. Asubuhi yake alifungua droo, akazihesabu, akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na hoja tatu. Hakunipa nafasi. Alichukua ile bahasha tupu, akakata maneno "Wiki ya 5", akaandika juu yake "Spika", akairudisha mahali pake katikati ya nne na sita.

Wiki ya tano ilianza tarehe 17 Januari. Ile nusu ya "Tusiyoyajua" ndiyo iliyotulisha, kwa kubana sana. Mimi nilitembea kwa miguu kwenda kazini, dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Watoto walikuwa na muziki mwingi. Jumatano mke wangu aliniuliza, kwa upole kabisa, kama spika inachemka kwa maji au kwa mafuta.

Hatukukopa. Tarehe 31 asubuhi simu ikalia, mshahara umeingia, na kwenye bahasha ya sita kulikuwa na sarafu mbili. Nilimwonyesha mke wangu kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Akazichukua, akazitia kwenye bahasha iliyoandikwa "Spika", akafunga droo.

"Anza kuilipa," akasema.