Bi Mkubwa na mifarishi ya Konde

Jumamosi tulikwenda shamba, Konde. Nasema shamba kwa jeuri ya mtu wa mjini, na mji wenyewe ni Wete, Pemba. Ukipita nyumba za mwisho tu, minazi imeshakuzunguka. Tulikuwa watatu: mimi, shoga yangu fundi cherehani, na mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Yeye anashona kofia za viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi, tangu hajavunja ungo. Kusema kweli hatukumwalika. Alitukuta mlangoni tumeshavaa mabuibui, akauliza safari ya wapi, shoga akaropoka, na baada ya dakika mbili Bi Mkubwa alikuwa anatafuta viatu.

Tangazo lilisema "maonyesho ya mifarishi", yanayotembezwa kwa gari skuli hadi skuli. Shoga anashona mapazia, sare na magauni ya harusi, lakini neno hilo lilimpita. Bi Mkubwa ndiye aliyetufahamisha njiani: nguo mbili, kati yake sufi au matambara, kisha unazipiga bandi pamoja mpaka ziwe kitu kimoja. Cha kutandika au cha kujifunika. Akasema na kunyamaza, akawa anatazama nje.

Nje kulikuwa na karafuu. Huu ni msimu wake, na njia nzima ya Konde majamvi yametandikwa, nyengine bado mbichi, nyengine zimeshaiva jua na kugeuka rangi ya kahawia. Harufu inaingia garini haikuulizi kama unaitaka.

Maonyesho yalikuwa kwenye madarasa mawili. Madawati yametolewa, kamba zimevutwa ukuta hadi ukuta, na mifarishi imening'inizwa kwa vibanio. Bi Mkubwa akasimama mlangoni. "Wamefua?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua vizuri kwamba hawakufua.

Karatasi za maelezo zilikuwa na maandishi madogo, nyingi kwa Kiingereza, na zimebandikwa juu kama kwamba shamba tunaishi majitu. Hilo liliniudhi. Ikawa mimi ndiye msomaji, nasoma na kufasiri, na nyuma yangu wamejikusanya kina mama wa kijiji na watoto wa madrasa na mijuzuu yao. Palikuwa na picha za mifarishi ya Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi huko Alabama, wajukuu wa watu waliolimishwa pamba utumwani. Wanawake wa huko walishona nguo za kazi zilizochakaa, masuruali ya waume zao, magoti yamepauka, na mwaka 2002 kazi zao zikatundikwa kwenye majumba ya makumbusho ya Houston na New York. Shoga alizitazama sana zile picha. Anasema mistari yake imekwenda upande na bado imekaa sawa, na yeye mteja angemrudishia.

Bi Mkubwa picha hazikumshughulisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfarishi wa kweli uliokuwa karibu, akaushika pindo, akaugeuza.

"Bibi, tafadhali, haviguswi," kijana mwangalizi akasema, kwa adabu.

"Sigusi, mwanangu. Natazama kwa mkono."

Yule kijana hakuwa na jibu la hilo, na mimi pia nisingekuwa nalo. Kuanzia hapo tuliyaona maonyesho kwa nyuma. Mshona kofia hana habari na mbele. Mbele ni kwa ajili ya mvaaji. Nyuma ndiko anakoona fundo limefichwa wapi, uzi umerukia wapi, kiua kipi kilizungushiwa uzi kwa pupa. Akawa anatusomea kama anasoma barua. "Huyu alikuwa na haraka." Hatua mbili mbele: "Hapa mkono umebadilika. Ameanza mtu, amemaliza mwengine." Nikaitazama karatasi: imeandikwa mama na binti. Sikumwambia mara moja. Nilitaka kwanza niamini mwenyewe.

Mfarishi uliotukalisha ulikuwa kwenye darasa la pili, peke yake, mdogo, wa kumfunikia mtoto. Umetoka India, jimbo la Karnataka, kwa watu waitwao Wasidi. Wazee wao walichukuliwa kutoka Afrika, wengi kutoka upande huu wetu wa mashariki, wakapelekwa Goa utumwani wakati wa Wareno. Waliotoroka wakaingia misituni, na vizazi vyao viko huko mpaka leo. Mfarishi wao unaitwa kawandi. Chini wanaweka sari kuukuu, juu wanapanga viraka, na wanashona kwa mkono, bandi ndogo ndogo. Wanaanzia pembeni, wanazunguka na kuzunguka mpaka wanakutana na katikati. Kila pembe wanatia vijipande vilivyokunjwa, wanaviita phula, yaani ua. Bila hivyo mfarishi uko uchi.

Niliposoma hapo, mama mmoja nyuma yangu alicheka, "Kweli! Uchi!"

Bi Mkubwa hakucheka. Alipiga magoti sakafuni kutazama pembe ya chini. Mkeka, alisema, unaunga shupatu kwa shupatu, zile kanda za ukili, na pindo ni la mwisho. Hawa pindo ndio mwanzo. Akakaa kimya, kidole kinafuata bandi inavyozunguka. Halafu akauliza, si mimi wala kijana, "Sasa hawa walitoka kijiji gani?" Karatasi haikusema. Hakuna karatasi inayoweza kusema.

Tulipotoka, chini ya mwembe, wanawake wa pale walikuwa wametandaza mikeka, mikoba ya ukili na kofia. Ndani vitu vya kutazama, nje vitu vya kupunguziwa bei. Nami nilipunguziwa, nakiri. Mkoba wa ukili nilioununua uko hapa mezani na nauonea haya.

Tulikunywa madafu, na shoga akaanza lake: kwetu kiraka ni fedheha. Mtu akija dukani na nguo ya kutiwa kiraka hunong'ona. Nikamkumbusha leso, yaani kanga. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa huku waliacha kununua vitambaa vya mkono kimoja kimoja. Walikatiwa sita kwa pamoja, wakaviunga vitatu kwa vitatu, wakapata nguo moja ya kujitanda. Wenye viwanda wakaja nyuma yao wakaipiga chapa nzima, na mshono ukatoweka. Kwa hiyo vazi tunalojivunia, lenye pindo, mji wa katikati na jina lake la maneno, lilizaliwa la kuungwaungwa. Shoga akasema hiyo si viraka, hiyo ni biashara. Hatukuafikiana. Bi Mkubwa alikuwa anakomba dafu.

Garini, wakati wa kurudi, ndipo lilipokuja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kitu cha kutandika, kizito, cha vipande vya kanga kuukuu, na siku za mvua za masika tulilala chini yake watoto watatu. Nakumbuka uzito wake kuliko rangi zake. Kipande kimoja kilikuwa na nusu ya jina, maneno mawili tu, na sisi tulikuwa tunabishana namna ya kuyamalizia. Baada ya bibi kufariki sikukiona tena. Nilichukulia kimetupwa, au kimekwenda na nguo zilizogawiwa, na miaka yote hii sikuuliza.

Usiku nikampigia mama, yuko Chake Chake.

"Kile?" akasema. "Mbona kipo. Si ndicho tunachopigia pasi."

Nilinyamaza. Kile kitu kinene juu ya meza, kilichovishwa shuka nyeupe na kushonewa chini. Sare zangu zote za skuli nimezinyoosha juu yake.

"Kimo humo ndani," mama akaendelea. "Nilikivisha shuka kisichafuke. Na ile alama ya kuungua ni yako, ya asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne. Uliunguza shuka na chenyewe pia."

Nikamuuliza yale maneno mawili ni yapi. Akasema hakumbuki, lazima afumue shuka. Nikamwambia asifumue, anisubiri Ijumaa, nitakuja na Bi Mkubwa.